Kiti cha Kusema

Mwanamke aliingia ofisini bila kubisha, akatupa furushi juu ya meza, nusura amwage chai ya Fausta.

"Mimi ni mwizi," alisema. "Nikamateni. Lakini kwanza tazameni nilichoiba."

Mkaguzi Msaidizi Fausta Kibona alikiokoa kikombe kwanza. Katika kazi yake ya upelelezi pale Tunduma alikuwa amewakimbiza wezi katikati ya malori ya foleni ya mpakani, amewatoa juu ya dari na chini ya magunia ya mahindi. Hakuwahi kupata mmoja aliyekuja kwa miguu yake, asubuhi, wakati wabadilisha fedha wa barabarani ndiyo kwanza wanapanga noti zao za kwacha.

"Kaa, mama. Unaitwa nani?"

"Felista Sichone. Natoka Nakonde, ng'ambo hapo. Awe, hapana, sikai, mukwai. Fungua."

Furushi lilikuwa limefungwa kwa kitenge cha kijani chenye majogoo wekundu. Pindo la chini lilikuwa limekatwa kwa mkasi, hivi kwamba majogoo wa mstari wa mwisho hawakuwa na miguu. Ndani yake mlikuwa na mkoba wa ngozi, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, umeshonwa kwa uzi mweupe. Fausta hakuwa mtu wa mikoba, lakini mkono wake uliupapasa wenyewe. Katikati ya uso wake kulikuwa na kovu la chapa ya moto: mwezi mchanga juu ya mstari, na mwezi wenyewe una pengo upande mmoja.

"Huyu ni Madam," alisema Felista.

"Nani?"

"Ng'ombe wangu. Chapa hiyo marehemu mume wangu aliichonga kwa jembe bovu, ikapasuka hapo kwenye pengo. Haiko nyingine kama hiyo, Zambia wala Tanzania. Madam alipotea wakati wa masika. Na ninyi, ba-afande, mmemfungia Fanueli wangu humo ndani mkisema kamuuza."

Sasa Fausta akaketi vizuri. Fanueli, mtoto wa marehemu dada yake Felista, alikuwa mahabusu tangu Jumatano. Aliyemshtaki ni mzee wa ukoo, Zebedayo, mdogo wake marehemu mume wa Felista, mwenye kibanda cha nyama choma karibu na maegesho ya malori. Ng'ombe alikuwa akilelewa zizini kwa Zebedayo, upande huu wa mpaka, na Fanueli ndiye aliyekuwa mchungaji. Jumatatu kijana alipaswa kupelekwa mahakamani.

"Madam alikuwa wa kazi gani?" Fausta aliuliza, ingawa jalada alikuwa amelisoma.

"Mahari! Ya huyo huyo Fanueli, amwoe Grace. Sasa niambie, wewe uliyesoma, nani anaiba mahari yake mwenyewe?"

"Shemeji yako anasema kijana alibadili mawazo juu ya msichana."

"Fanueli? Kuhusu Grace?" Felista akacheka mpaka akalazimika kukaa. "Yule anaandika jina la Grace hata kwenye pembe za ng'ombe."

Mkoba, alieleza, aliukuta jana Vwawa, alikokwenda kutafuta mtu wa kumdhamini kijana wake. Palikuwa na maonyesho ya biashara. Kwenye meza ya kampuni moja ya Chapwa akaiona chapa ya mumewe ikiwa imesimama mbele ya watu kama bibi harusi. Akauchukua mkoba, akatembea. Hakuna aliyemkimbiza kwa sababu hakukimbia.

Fausta aliufungua mkoba. Ndani, palepale ambapo wengine huweka jina la kampuni tu, palikuwa pameshonwa kibandiko cha kitambaa: *Ng'ombe: Neema. Mlezi: Roda Nzowa, Isansa. Mkataji: Witness. Mshonaji: Mwanakombo.*

"Neema," Felista alisoma, akasonya. "Madam hakuwa Neema hata siku moja. Alikuwa anapiga mateke."

*

Kampuni iliitwa Upole. Ilikuwa katika ghala la zamani la mahindi pale Chapwa, na mikoba yake iliuzwa katika maduka ya nchi za mbali ambako mtu huingia kwa kufunguliwa mlango. Ukutani, kwa rangi nyeupe, yalikuwepo maandishi mawili: HAKUNA KINACHOTUPWA. HAKUNA KISICHO NA JINA.

Fausta aliyasoma bila kuvutiwa. Ofisi nyingi alizopekua zilikuwa na maneno mazuri ukutani, na mara nyingi kabati la vitu vya wizi lilikuwa chini yake.

Mkurugenzi, Bi Sabra Abdulwahab, alikuwa mwanamke mfupi mwenye asili ya Tanga, miwani yake ikining'inia kwa uzi wa kushonea mikoba. Alipouona mkoba hakuuliza nani aliuchukua. Aliitazama chapa, akamtazama Felista, akashika ukingo wa meza.

"Ngozi zetu zinatoka Msangano," alisema. "Osward anakwenda mwenyewe, anakaa na mwenye ng'ombe, anaandika jina la mtu na la mnyama. Mkoba ukikamilika, mwenye ng'ombe anaitwa kuuona kabla haujauzwa. Wafanyakazi wote wanalijua hilo. Ndiyo maana tunauza ghali, afande. Mnunuzi analipia jina la kweli."

"Roda Nzowa wa Isansa alikuja kuuona huu?"

"Hapana. Niliambiwa miguu inamsumbua."

"Uliambiwa na nani?"

"Sikumbuki. Tulikuwa na haraka ya maonyesho."

Fausta alitoa hati ya upekuzi. Bi Sabra hakuisoma. Alipiga makofi mara mbili, na mashine zote zikanyamaza. Katikati ya ukumbi palikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa.

"Mnakijua kiti hiki," aliwaambia wafanyakazi. "Kila Ijumaa, kabla ya chai, aliyekosea kazini anakaa hapa anasema. Leo ni Ijumaa. Mkoba huu umetokana na ng'ombe wa wizi, na kuna kijana yuko ndani kwa ajili yake. Atakayekaa hapa kabla ya chai na kusema, hafukuzwi. Hilo ni neno langu, kama Ijumaa nyingine zote."

Maneno ya ukutani, Fausta aliwaza. Akaomba chumba cha kuhojia.

Osward aliingia wa kwanza. Alikuwa mnunuzi wa ngozi, kijana mrefu aliyevaa sweta licha ya jasho lililokuwa likimtiririka. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kiasi kwamba Fausta alifungua ukurasa mpya kwa furaha ya kikazi. Mtu anayezinunua ngozi, ndiye mwenye nafasi.

"Kuna jambo unataka kuniambia, Osward?"

"Ndiyo, afande." Akameza mate. "Pikipiki ya kampuni. Mwezi uliopita nilimbebea mama mkwe wangu. Mpaka Mpemba. Na magunia yake mawili ya mkaa."

Fausta alisubiri. "Na?"

"Na mkaa hatuungi mkono, afande. Kampuni yetu haipendi ukataji miti."

"Ngozi hii, Osward."

Aliupokea mkoba, akaugeuza ndani nje. Ghafla mikono yake ikatulia. Hapa alikuwa kazini. Alimwonyesha mistari mitatu upande wa nyama, mirefu, imebonyea kama makovu.

"Hii siyo niliyoleta mimi. Unaona? Kisu kimeteleza. Wachunaji wetu wa Msangano wanavuta ngozi kwa ngumi, taratibu. Huyu aliyechuna alikuwa na haraka, au hakuwa na mwanga."

Kwa hiyo ngozi haikupita mlango wa manunuzi. Mtu wa humu ndani aliileta kwa mkono wake. Fausta akalifuta jina la Osward, akaita mwingine.

Mwanakombo, mshonaji, alikiri kuchukua uzi wa kumtengenezea mwanawe tiara ya kurusha. Amri, mlinzi, alikiri kwamba sala ya alfajiri humrefukia kwa sababu husinzia katika kusujudu, na lango huwa peke yake. Mpishi alikiri kuhusu sukari. Fundi wa mashine alikiri kuitukana mashine. Fausta, aliyezoea kuwakamua watu ukweli tone kwa tone, alijikuta ameloa. Kalamu ilimuuma kidoleni. Kila mmoja aliyekaa mbele yake alikuwa na kosa dogo amelishika mkononi kama yai, anatafuta pa kuliweka.

Kisha akaingia Witness, mkataji. Msichana wa miaka ishirini na kitu, kucha fupi, kwenye aproni yake kimebandikwa kitufe cha ngozi.

"Hiki cha nini?"

"Zawadi, afande. Kwa anayetupa kidogo kuliko wote."

"Umeshinda mara ngapi?"

"Tangu waanze kutoa."

"Una jambo la kuniambia, Witness?"

"Sina, afande."

"Hata dogo? Sukari? Uzi?"

"Sina neno kabisa."

Fausta akaweka kalamu chini. Mahali pengine angemtafuta anayedanganya. Hapa, ambapo hata mlinzi alileta usingizi wake wa kwenye mkeka wa sala, alihitaji kumtafuta asiye na kitu cha kusema.

Aliomba aonyeshwe meza ya kukatia. Witness alimtembeza: visu vimepangwa, vipande vya ngozi vimetengwa kwa ukubwa, vidogo kabisa vikiwa ndani ya gunia la kutengenezea vishikio vya funguo. Gunia lilikuwa limefunikwa kwa turubai la bluu, lililooshwa vizuri. Kwenye kona ya turubai palikuwa na kiraka cha kijani. Juu ya kiraka, mstari wa miguu myekundu ya kuku.

Miguu tu. Hakuna majogoo.

"Turubai zuri," Fausta alisema.

"Linafaa," Witness alijibu, akaanza kupanga upya visu vilivyokwisha kupangwa.

*

Felista alikuwa nje ya lango, amekaa kwenye benchi la Amri, akimpa ushauri kuhusu usingizi. Fausta hakumwambia alichokiona. Shahidi akionyeshwa kitu kwanza, kumbukumbu yake hukifuata kitu hicho. Hilo alilishika tangu chuoni. Akakikunjua kile kitenge cha furushi.

"Mama, majogoo hawa wamepoteza wapi miguu?"

"Hao? Nilikata kiraka."

"Cha nini?"

"Cha turubai. Wakati wa msiba wa mume wangu mvua ilitunyeshea, turubai la shemeji likachanika kona, nikalishona hapohapo wakati watu wanalia. Wengine walisema sina huzuni. Mimi nikilia mikono inataka kazi."

"Shemeji yupi?"

"Ninaye mmoja tu. Zebedayo. Lile la bluu analofunikia nyama."

Fausta alitembea hatua chache pembeni, akampigia Konstebo Mbonile kituoni.

"Nenda kwa Zebedayo. Agiza nyama, kaa, ule. Halafu muulize swali moja tu: turubai lako la bluu liko wapi? Usiseme lingine. Andika anachojibu neno kwa neno."

"Nyama nilipe mwenyewe, afande?"

"Mbonile."

"Nakwenda."

Angeweza kumwita Witness wakati huo huo na kumsomea onyo. Alikuwa na turubai, alikuwa na ukimya. Lakini ndani ya ukumbi mpishi alikuwa akipanga vikombe, harufu ya tangawizi imejaa, na kigoda bado kilikuwa kitupu. Fausta aliingia na Felista, akaegemea mlango. Alitaka kuona kama maneno yale yangeshuka ukutani.

"Chai iko karibu," alisema kwa sauti, bila kumtazama mtu.

Birika likainama. Kikombe cha kwanza kikajaa, akapewa Bi Sabra. Cha pili. Cha tatu. Witness alikuwa amesimama kwenye meza yake akikunja aproni, akiikunjua, akiikunja. Kisha akaanza kutembea. Alipofika kwenye kigoda akakaa kwa kishindo.

"Chai imeshamiminwa," alinong'ona fundi wa mashine.

"Mimi sijanywa bado," alisema Bi Sabra, akaweka kikombe chake chini. "Sema, mwanangu."

Witness alisema akitazama magoti yake. Asubuhi moja ya masika, akija kazini kwa njia ya mkato nyuma ya mikaratusi, aliona turubai korongoni. Ndani yake mlikuwa na ngozi nzima, bado mbichi. Alidhani watu wamechinja kwa ajili ya msiba, nyama wakala, ngozi wakatupa, kama watu wanavyofanya siku zote.

"Nikapita," alisema. "Nikarudi. Nikasema, mnyama mzima, halafu atupwe? Nikaibeba kichwani. Nikaitia chumvi, nikaichanganya na za Osward. Lakini hapa hakuna kisicho na jina. Na ile haikuwa na jina. Nikaogopa itakataliwa na itatupwa tena. Nikaandika la bibi yangu, Roda, na alipoitwa kuuona mkoba nikasema miguu inamsumbua. Hajawahi kufuga hata mbuzi, ana kahawa tu. Ile chapa niliiweka mbele kwa sababu kovu hatulikati, tunaliheshimu. Sikujua ni la mtu. Nilijua nimedanganya jina. Hilo nililijua. Kila Ijumaa nilikuwa nasema nitakaa, na kila Ijumaa wananivika kitufe."

Akakibandua kitufe, hakujua akiweke wapi, akabaki amekishika.

Hakuna aliyesogea isipokuwa Felista. Alivuka ukumbi, akasimama mbele ya kigoda, akampiga msichana kikofi chepesi mkononi.

"Hiki ni cha kumwita Neema," alisema. Kisha akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Na wewe ndiye uliyembeba? Kichwani? Madam alivyo mzito! Ungemwacha kule, fisi wangemmaliza, na mimi ningezeeka nikimshuku Fanueli usiku nikikosa usingizi."

Simu ya Fausta ikatetemeka. Alisikiliza, akaandika, akauliza mara mbili ahakikishe.

"Zebedayo amejibu," aliwaambia. "Anasema turubai liliibwa pamoja na ng'ombe. Lakini kwenye maelezo yake ya Jumatano, yaliyo na sahihi yake, alisema zizini halikupotea kitu kingine chochote. Na sasa liko hapa, lile lile lililofunga ngozi ambayo chapa yake ingemuumbua mchinjaji. Mbonile anamleta kituoni." Akamgeukia Felista. "Mama, alijua unakwenda polisi?"

"Nilimwambia mwenyewe Jumanne. Nilimwambia nimechoka vikao, nakwenda."

"Na Jumatano akaja yeye. Akakutangulia." Fausta akafunga daftari. "Fanueli anatoka leo kwa dhamana, mpaka tumalize haya. Mdhamini umempata?"

"Nilitafuta Vwawa nzima, nikapata mkoba."

"Nitamdhamini mimi," alisema Osward. "Kama pikipiki mtanisamehe."

Watu walicheka, kicheko cha watu waliokuwa wamezuia pumzi. Bi Sabra hakucheka. Alikuwa amevaa miwani yake na kushika simu.

"Mkoba huu ni wa kwanza katika oda ya Geneva," alisema. "Picha yake wameshaipata. Lazima wajue kabla hawajasikia kwa mwingine."

"Wangesikia kwa nani, bosi?" Mwanakombo aliuliza kwa sauti ya chini. "Geneva ni mbali."

"Kwangu."

Alipiga simu palepale, sauti ikisikika ukumbini, akazungumza Kiingereza polepole. Fausta alifuata yote. Mnunuzi alikuwa mwanamke mpole. Alisikiliza, alishukuru, alisikitika juu ya ng'ombe. Kisha akasema walichokiogopa. Kampuni yake haiwezi kuweka dukani kazi ya mtu aliyeghushi jina. Mfanyakazi huyo aondoke, barua ya kumwondoa iwafikie Jumatatu, na oda ya mwaka mzima itabaki. La sivyo, kwa masikitiko makubwa, itakwenda kwingine.

Wasiojua Kiingereza walisoma nyuso za wanaojua. Witness aliinuka kwenye kigoda, akaanza kufungua mikanda ya aproni.

Fausta alimwangalia Bi Sabra. Nyuma yake palikuwa na mashine kumi na mbili, na nyuma ya kila mashine mtu mwenye kodi na watoto. Kama angetaka njia, ilikuwepo: chai ilikuwa imeshamiminwa. Kila mtu aliiona.

"Kaa, Witness," alisema Bi Sabra kwa Kiswahili. Kisha akarudi kwenye Kiingereza. Alimwambia mnunuzi kwamba mfanyakazi alisema mwenyewe, kabla ya chai, na kwamba kwa Upole hilo ni neno lililokwisha kutolewa. Kwamba jina la uongo halitatoka tena mlangoni hapa. Kwamba anaelewa. Ndiyo, hata kuhusu oda, anaelewa. Akamtakia siku njema kwa moyo wa kweli, akakata.

Nje lori lilipiga honi, jingine likajibu.

"Mwaka mzima," alisema Osward.

"Ndiyo," alisema Bi Sabra. "Kesho nitaanza kutafuta mwingine. Na hivyo vitufe havitatolewa tena mpaka tufikirie upya. Tulimpa mtu sababu ya kunyamaza, tukaiita zawadi." Akamgeukia Felista, akauchukua mkoba mezani kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mtoto wa mwenzake. "Mama, kwetu mwenye ng'ombe huona kwanza. Tumechelewa. Tusamehe."

"Kielelezo hicho," Fausta alisema, kisha akanyamaza, akawaacha.

Felista aliupokea. Aliupapasa mwezi wenye pengo kwa kidole gumba, akafungua, akanusa ndani.

"Mmemtengeneza vizuri," alisema hatimaye. "Lakini alikuwa mkubwa zaidi."

"Kesi ikiisha kibandiko kitatolewa," Bi Sabra alisema, "na jina lake litaandikwa na huyu huyu aliyelikosea. Witness, umesikia? Madam. Sasa kamalizie meza yako, kuna ngozi ya Msangano inakungoja."

Ndipo akakumbuka kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa na kufanya utando. Akaketi kwenye kigoda, mbele ya wafanyakazi wote, akainywa mpaka mwisho.